Jina la Stotz darajani: heshima iliyoacha ugomvi nje

Katika kila kikao cha mabunge ya majimbo ya Marekani huwa kuna miswada inayopita bila kelele, na mingi kati yake ni ile ya kutoa majina: daraja fulani juu ya mto fulani liitwe kwa jina la marehemu fulani, na idara ya barabara isimike vibao pande zote mbili. Kwa muda mrefu majina hayo yalikuwa ya magavana, majenerali na askari waliofia vitani, na hao bado wamo kwa wingi. Lakini katika orodha hiyo huonekana pia watu wa namna nyingine kabisa, kama vile kocha wa timu ya watoto ambaye hakuwahi kulipwa senti, au mzee aliyechora mistari ya chokaa uwanjani kila Jumamosi mpaka magoti yakamkatalia. Habari za aina hii zikitufikia huwa tunazipokea kwa moja ya njia mbili. Wapo wanaocheka, wakisema kwamba Wamarekani wameishiwa mashujaa. Na wapo wanaoguswa, wakisema kwamba hatimaye mtu mdogo naye amekumbukwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinapima kitu kisichohitaji kupimwa, yaani ukubwa wa mtu dhidi ya ukubwa wa daraja. Lenye uzito ni kujua, jina likishawekwa, ni kipande gani cha maisha ya mtu huyo kinachobaki katika kumbukumbu ya umma, na ni nani anayenufaika na vipande vilivyoachwa. Mtu wa kujitolea anastahili daraja bila shaka yoyote, na hatari inayomkabili ni kwamba jina lake litatumika kufunika jambo lile lile alilolipigania.

Mfano unaolionyesha hili wazi kuliko yote ninayoifahamu uko Williamsport, mji wa jimbo la Pennsylvania wenye wakazi wasiofika 30,000. Hapo, mwaka 1938, kijana mmoja aitwaye Carl Stotz alikuwa akicheza besiboli uani na wapwa zake wawili, akajikwaa kwenye kichaka cha maua na kuumia mguu, na wakati akijiuguza akawaza jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: kwa nini watoto wasiwe na timu zao wenyewe, zenye jezi, refa na uwanja uliopunguzwa vipimo ili kimo cha mtoto kiutoshe? Alizunguka kwa wafanyabiashara wa mji akiomba udhamini, akakataliwa na wengi, na mwishowe akapata fedha ambazo kwa kipimo chochote ni kidogo, kwani dola 30 zilitosha kununulia jezi kwa kila timu. Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 6 Juni 1939, timu ya kiwanda cha mbao cha Lundy Lumber ikaifunga ile ya kampuni ya maziwa ya Lycoming Dairy kwa 23–8, na timu ya tatu, Jumbo Pretzel, ilikuwa ya watengeneza vitafunio. Hiyo ndiyo mbegu ya Little League, shirika la besiboli ya watoto ambalo sasa lina ligi katika nchi zaidi ya 80.

Kufikia hapo hadithi ni tamu na haina mwiba, na ndiyo inayosimuliwa kila Agosti mashindano ya dunia ya watoto yanapoonyeshwa kwenye televisheni. Sehemu inayofuata husimuliwa kwa haraka zaidi. Mwaka 1947 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kitaifa, na muda mfupi baadaye akaja mdhamini mkubwa, United States Rubber Company, kampuni ya mpira (mpira ule wa matairi, si wa kucheza) iliyokuwa pia ikitengeneza viatu vya Keds. Fedha zilileta ofisi, ofisi ikaleta wakurugenzi, na mwaka 1952 Peter McGovern, aliyetoka katika kampuni hiyo hiyo, akawa rais wa kwanza wa shirika aliyeifanya kazi hiyo muda wote. Stotz alibaki na cheo cha kamishna, lakini maamuzi yalikuwa yamehamia mikono mingine. Mwaka 1955 alilipeleka shirika mahakamani, akilalamika kwamba mchezo wa watoto ulikuwa ukigeuzwa kuwa mali ya watu wa biashara na kwamba ligi za mitaani, zilizokuwa zikiendeshwa na watu wa kujitolea, zilikuwa zimepoteza sauti katika chombo walichokijenga. Mwanzoni mwa 1956 wakamalizana nje ya mahakama, na mwanzilishi akaondoka katika kitu alichokianzisha. Hakuacha watoto, hata hivyo. Aliendelea na ligi ndogo kwenye uwanja ule wa zamani, iliyoitwa Original League, huku Little League yenyewe ikivuka mto mwaka 1959 na kuhamishia mashindano yake katika mji wa pili, South Williamsport, ambako yapo mpaka leo. Stotz alifariki mwaka 1992.

Sasa tazama ramani. Uwanja wa mwanzo uko kaskazini mwa mto Susquehanna, makao na viwanja vikubwa vya Little League viko kusini, na kinachoziunganisha pande hizo mbili ni daraja la mtaa wa Market. Daraja hilo ndilo lililopewa jina la Stotz baada ya kifo chake, nalo kwa ukamilifu wake linasomeka Carl E. Stotz Memorial Little League Bridge. Jina la mtu na jina la shirika aliloliburuza mahakamani yamewekwa kwenye kibao kimoja, bila hata mkato katikati. Anayependa ishara ataona hapo mapatano: upande wa Stotz na upande wa shirika vimeunganishwa na zege. Mimi naona ni mapatano ambayo mmoja wa wahusika hakuulizwa.

Kabla ya kuendelea, haki inadai nizitaje hoja za wanaoutetea utaratibu huu, kwa sababu si hoja nyepesi. Kazi ya kujitolea katika michezo ya watoto haiachi nyaraka. Meya huacha kumbukumbu za vikao, mfanyabiashara huacha majengo, mwandishi huacha vitabu. Kocha wa watoto huacha watu wazima wanaojua kufika kwa wakati na kushindwa bila kupigana, na hakuna maktaba inayohifadhi kitu hicho. Mimi mwenyewe nilifundishwa soka la mchangani na fundi cherehani aliyenunua mipira kwa fedha za mfukoni, na zaidi ya vichwa vyetu sisi tuliokuwa wanafunzi wake hakuna mahali popote jina lake lilipoandikwa. Barabara ni mojawapo ya mahali pachache ambapo umma huandika majina kwa herufi kubwa na kuyaacha yasomwe na kila mtu bila kiingilio. Kuliandika jina la mtu wa namna hiyo pale ni kutamka kwamba kazi yake ilikuwa kazi ya umma kama ilivyo ya mhandisi au ya jaji, ingawa haikuwa na mshahara. Gharama yake ni ndogo mno, vibao viwili na siku moja ya mafundi, na katika baadhi ya maeneo hata hiyo hulipwa na walioomba. Kwa hiyo anayesema kwamba serikali inapoteza fedha hana hoja ya kutuchelewesha.

Wapo wanaosema kwamba majina haya huwachanganya madereva na kwamba, kwa vyovyote, hakuna anayeyatumia. Nusu ya kwanza si kweli, kwa kuwa jina la heshima haliifuti namba ya barabara wala jina la mtaa, na dereva anayetafuta njia ataiona namba yake pale pale. Nusu ya pili ina ukweli, nao tunaujua vizuri Dar es Salaam. Barabara ya juu ya Tazara ilizinduliwa Septemba 2018 ikapewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, na alikuwa hai. Makutano ya Ubungo yalizinduliwa Februari 2021 yakapewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, siku chache tu baada ya kufariki. Hata hivyo konda wa daladala bado anaita Tazara na Ubungo, na abiria anashuka Tazara na Ubungo. Jina lililotoka jukwaani halishuki mdomoni kwa amri. Lakini kutotamkwa si hoja ya kutoandika, kwani makaburi mengi nayo hayatamkwi na hakuna anayependekeza yaachwe bila jina. Inachotufundisha ni kwamba jina hufanya kazi pale tu panapokuwa na hadithi inayosimuliwa pamoja nalo, na hilo linazidisha umuhimu wa swali langu kuhusu hadithi ipi.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi na waandishi wa safu za magazeti, ni kwamba kumpa kocha daraja ni kuishusha hadhi ya walioitwa kwa majina hayo kabla yake. Hoja hii inachukulia kwamba heshima ni kama sukari katika kikombe, ukiongeza maji utamu unapungua. Ingekuwa hivyo, basi wingi wa madaraja yaliyokwisha kupewa majina ya wanasiasa wa wilaya, ambao mengi ya waliyofanya ni kupiga kura ya ndiyo, ungekuwa umeimaliza sukari zamani. Wanaoitoa hawakulalamika wakati ule. Wanalalamika anapoingia mtu asiye na cheo, na hapo inadhihirika kwamba kinacholindwa ni mpaka kati ya wenye vyeo na wasio navyo. Dola 30 na uwanja uliopunguzwa vipimo vimegusa maisha ya watoto wengi kuliko sheria nyingi zilizopitishwa na bunge lile lile linalotoa majina.

Uzito unaongezeka tunapofika kwenye hoja ya wengi dhidi ya mmoja. Stotz hakuwa peke yake. Katika msimu ule wa 1939 ndugu wawili, George na Bert Bebble, walisimamia timu nyingine, na wake zao pamoja na mke wa Stotz walikuwa ndani ya kazi hiyo tangu mwanzo. Kazi ya kujitolea ina tabia ya kufanywa na kundi kisha kukumbukwa kwa mtu mmoja, mara nyingi mwanamume, na mara nyingi yule aliyekuwa akizungumza na wafadhili. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Siikubali inapotumiwa kusema kwamba basi asitajwe yeyote, kwa sababu matokeo ya msimamo huo ni kwamba vibao vitaendelea kujazwa na wale ambao hawajawahi kuona haya kutajwa peke yao.

Hoja nzito kupita zote inatoka katika jimbo hilo hilo. Kilomita 100 hivi kutoka Williamsport upo mji wa State College, kilipo chuo kikuu cha Penn State, na huko Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, alianzisha mwaka 1977 shirika la hisani la kuwasaidia watoto wenye shida, The Second Mile. Alisifiwa kwa miaka mingi kama mfano wa mtu aliyewapa watoto muda wake. Juni 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 ya unyanyasaji wa kingono wa watoto, na mwezi uliofuata sanamu ya kocha mkuu wake, Joe Paterno, iliondolewa mbele ya uwanja. Katika ukuta mmoja wa mji huo ulikuwepo mchoro mkubwa wa watu mashuhuri wa eneo hilo, naye Sandusky akiwemo. Mchoraji alimfuta, akaacha kiti kitupu. Hakuna anayeandika kuhusu kumheshimu mtu wa michezo ya watoto mwenye haki ya kukipita kiti hicho bila kusimama. Kinatukumbusha kwamba sifa ya kuwa karibu na watoto ndiyo hasa inayotafutwa na mwenye nia mbaya, na kwamba umma unapotangaza sifa hizo mapema huwafunga midomo walioumizwa, kwani ni nani atakayemshitaki mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye barabara?

Kutokana na hilo ninaunga mkono bila kusita kanuni ya kutotoa jina kwa mtu aliye hai, na hata baada ya kifo kusubiri miaka ya kutosha. Siku chache baada ya mazishi hazitoshi kwa yeyote, awe kocha au katibu mkuu. Lakini kusubiri nako kuna gharama yake, na hapa ndipo ninaporudi kwenye daraja la Williamsport. Muda unaotulinda dhidi ya kumtukuza mkosaji ndio muda ule ule unaomfanya mwenye msimamo asiweze tena kuutetea msimamo wake. Stotz akiwa hai alikuwa mtu wa kuudhi: alikuwa na kesi, alikuwa na barua, alikuwa na ligi yake ya upande wa pili wa mto. Stotz aliyekufa ni babu mpole aliyejikwaa kwenye kichaka cha maua. Wa kwanza asingeweza kuandikwa kwenye kibao kimoja na Little League, ilhali wa pili hana kipingamizi.

Nisieleweke kwamba naamua ile kesi ya 1955 kwa niaba ya Stotz. Upande wa McGovern ulikuwa na hoja, na historia imeupa ushahidi: bila ofisi, wafanyakazi wa kulipwa na fedha za mdhamini, ni vigumu kuona jinsi ligi ya mji wa mbao ingefika Japani, Taiwani na Amerika ya Kusini. Au Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yake, lakini ikazuiwa na suala la viza kwa sababu ya nyaraka za kuzaliwa. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo, na kabla ya kurudi nyumbani wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, kwa 3–2. Watoto hao walifika kwa sababu kulikuwa na shirika lenye kanda, kanuni na nauli. Na walifika pia kwa sababu kulikuwa na watu Uganda waliowafundisha kutupa na kudaka katika nchi ambayo kila mtoto anataka kupiga teke. Hizo ndizo nusu mbili za ugomvi wa Stotz na McGovern, nazo bado zinahitajiana na bado zinagombana.

Ugomvi huo ungekuwa wa kale tu kama ungekuwa umekwisha. Haujakwisha. Katika miji mingi ya Marekani michezo ya watoto imeendelea kuhama kutoka ligi za mtaa kwenda klabu za kulipia zinazosafiri kutoka jimbo hadi jimbo, ambako mzazi hulipa ada, kocha hulipwa mshahara na mtoto asiye na fedha hubaki akitazama. Swali aliloliuliza Stotz mwaka 1955, kwamba mchezo wa watoto ni wa nani, ndilo ambalo mzazi huulizwa leo pamoja na ankara. Mwanasiasa anayepitisha mswada wa kumheshimu kocha wa kujitolea, huku bajeti ya viwanja vya umma ikikatwa katika kikao hicho hicho, anafanya jambo linalofanana na lile la kibao: anamchukua mtu, anaiacha hoja yake. Na kwa kuwa mswada wa jina haupingwi na yeyote, hutoa picha nzuri ya pamoja na familia ya marehemu, na hauulizi swali lolote la fedha.

Mwaka 1955 una jambo jingine ambalo daraja halisemi. Katika kiangazi hicho timu ya watoto weusi ya Cannon Street YMCA kutoka Charleston, South Carolina, ilibaki peke yake katika mashindano ya jimbo lake baada ya timu zote za wazungu kujitoa ili zisicheze nayo. Kwa kuwa ilipita bila kucheza, kanuni zilitafsiriwa kwamba haiwezi kuendelea. Ilialikwa Williamsport kama mgeni, watoto wakaruhusiwa kupasha misuli uwanjani, na watazamaji wakapaza sauti wakidai waachwe wacheze. Hawakuachwa. Wasichana nao walizuiwa kwa kanuni tangu 1951 mpaka 1974, shirika lilipolazimika kufungua mlango baada ya kesi ya New Jersey. Sisemi kwamba yote haya yabandikwe kwenye nguzo ya daraja, kwa maana dereva ana sekunde mbili. Nasema kwamba jina linapotolewa, sheria inayolitoa inaweza kuwa na maelezo marefu kadiri bunge linavyotaka, na kwamba bunge hupendelea kuandika vifungu vitatu: daraja lipi, jina lipi, vibao viwekwe na nani.

Pendekezo langu basi ni la kikarani, na linaweza kutumika Pennsylvania kama linavyoweza kutumika Nairobi au Dodoma siku tutakapompa mtu wa namna hii kipilefti. Wanaoomba jina waandike katika maombi yao mtu huyo alibishana na nani na kuhusu nini, kwa sababu mtu aliyewapigania watoto kwa miaka mingi bila kubishana na yeyote hayupo. Waandike majina ya waliofanya naye kazi. Shirika litakalonufaika na jina hilo lisiwe ndilo linaloandika wasifu. Na kama kuna nafasi karibu na daraja ya kusimama kwa miguu na kusoma, basi pawe na bamba lenye miaka muhimu ya mtu huyo. Kwa Stotz, 1939 utakuwa wa kwanza kuandikwa, na hakuna atakayeupinga. Ningependa kuona ni nani kati ya wajumbe wa kamati atakayenyoosha mkono kuomba kwamba chini yake uongezwe 1955.